Kwa wanangu mnaoanza kushona viwandani Athi River

Wanangu,

Nasikia mnajivuna kidogo kwa kuwa mama zenu walikuwa mafundi na nguo mnaijua, tangu kukata hadi kifungo. Ni vyema. Ila ndani ya EPZ, eneo la viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje, hakuna atakayekuuliza kama unajua kushona gauni. Utapewa bando, yaani fungu la vipande vya fulana, upachike mikono, basi. Bega limeshashonwa na mwenzako, ubavu utafungwa na anayekufuata.

Mimi niliingia laini, yaani safu ya mashine kiwandani, mwaka 2002, miaka miwili baada ya Marekani kupitisha AGOA, sheria ya biashara na Afrika, nguo zetu zikaanza kuingia kwao bila ushuru. Nilikuwa nimezoea cherehani ya kukanyaga. Siku niliyogusa pedali ya ile ya umeme, kitambaa kilinichomoka mikononi kama samaki! Mashine hizo zinaweza kufika mishono 5,000 kwa dakika. Nikadhani dawa ni kukanyaga zaidi, na wiki nzima nikawa nafumua kuliko ninavyoshona.

Aliyeniokoa ni binti mdogo kwangu kwa umri. Alichomoa uzi kwenye sindano, akachora kwenye karatasi ya daftari mstari ulionyooka, kisha pembe nne, kisha duara linalojikunja kama konokono. "Shona, mama. Matundu yakae juu ya wino." Ukifika kwenye kona, sindano ibaki chini, inua mguu wa mashine kwa goti, geuza karatasi, shusha, endelea. Nilimaliza daftari zima.

Halafu akanionyesha mama aliyekuwa akifikisha tageti, idadi ya vipande tunayopangiwa, kila siku. Mguu wake haukuwa na pupa hata kidogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshashika kipande cha pili kabla cha kwanza hakijatoka, na bando lake lilikaa pale pale kiganja kinapofika. Sindano hukimbia sehemu ndogo tu ya muda wenu. Uliobaki unaliwa na kuokota, kulinganisha kingo, kukata uzi na kuweka. Huko ndiko mtafute kasi, si kwenye pedali.

Sindano ikivunjika, zima mashine, usifiche. Tafuta vipande vyote, hata kama bando zima litakunjuliwa. Vitabandikwa kwa selotepu ndipo upewe nyingine. Nilidhani ni ubahili, mpaka nilipofikiria ile ncha ikiwa ndani ya nguo ya mtoto.

Na msiridhike na mashine moja. Januari 2005, utaratibu wa zamani wa kugawana soko la nguo duniani ulipokwisha, oda nyingi zilikimbilia Asia na baadhi ya viwanda vyetu vikafunga. Kwetu walibakizwa waliojua mashine zote tatu: ya kawaida, ovaloki inayokata na kufunga ukingo wa kitambaa, na ya kupinda. Mimi nilijua ya kawaida tu, nikakaa nyumbani miezi minane. Kwa hiyo muombeni supavaiza, kazi ikipungua, awaruhusu kukaa kwenye ovaloki. Anzeni na mabaki: kisu chake kikishakata ukingo, hakuna kufumua.

Mshahara wa kuanzia ni mdogo, sitawadanganya.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nane. Cherehani yangu bado ni ile ya kukanyaga, lakini karatasi ni ileile. Njooni na daftari kuukuu.

Mama yenu wa laini ya nne