Beringi ya tela haifi kwa ufeki peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila tela linapotupa gurudumu barabarani, lawama ya kwanza huangukia spea feki. Feki zipo, sikatai. Lakini hata beringi halisi hufa mapema, na mara nyingi kinachoiua ni mzigo au nyundo ya fundi.

Namba ya uwezo wa kubeba iliyo kwenye katalogi ya beringi huwapoteza wengi. Si uzito wa kupakia. Kwa ISO 281, kanuni ya kimataifa ya kukokotoa umri wa beringi, ni mzigo ambao beringi 90 kati ya 100 zitauhimili kwa mizunguko milioni 1. Kwa tairi la lori la saizi 12R22.5 hizo ni kama kilomita 3,300, hazifiki hata safari mbili za Dar es Salaam–Mwanza kwenda na kurudi. Beringi ikidumu miaka, ni kwa sababu inabeba sehemu ndogo tu ya namba ile.

Ukizidisha mzigo kwa asilimia 10, zaidi ya robo ya umri wa beringi za rola inaondoka. Kwa asilimia 20 inabaki kama nusu. Mzigo ukiwa mara mbili, inabaki moja ya kumi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Anayepakia 12 akapita njia za panya hukwepa mizani, beringi haikwepi.

Rola hubeba kuliko gololi kwa kuwa hugusa njia yake (uso wa pete inapozungukia) kwa mstari, si kwa nukta. Faida hiyo hupotea uchafu ukibaki nyuma ya kikombe (pete ya nje ya beringi), kikakaa upande. Rola hubeba kwa ncha moja, na ukifungua utakuta magamba yamebanduka ukingo mmoja wa njia, kwingine kunang'aa. Kikombe kikigongwa kwa nyundo na patasi, vishimo vinavyobaki ndiko kubanduka kunakoanzia.

Kisha kuna kukaza nati inayoshikilia beringi kwenye ekseli "kwa kuhisi". Ikibana mno, habu (kitovu cha gurudumu) ikipata moto beringi hujibebesha mzigo wake yenyewe. Ikilegea, rola chache za chini hubeba peke yake. Kwa ekseli nyingi za tela zenye nati mbili, kaza ya ndani hadi Nm 271 (kipimo cha nguvu ya kukaza) huku ukizungusha habu, legeza mzunguko mzima, kaza tena hadi Nm 68 ukizungusha, kisha legeza robo mzunguko. Funga nati ya nje, halafu upime uchezaji (habu inavyosogea ndani na nje) kwa geji ya saa, yaani kipimo chenye mshale: uwe kati ya mm 0.025 na 0.127. Gereji isiyo na geji hiyo inabahatisha, hata fundi wake awe mkongwe.

Koni (pete ya ndani na rola zake) na kikombe vibadilishwe pamoja. Kwa namba za katalogi, koni HM218248 huenda na kikombe HM218210, na HM212049 huenda na HM212011. Koni mpya kwenye kikombe chakavu ni pesa iliyotupwa. Usichanganye grisi ya lithiamu na ya udongo wa bentoniti. Mchanganyiko huo hulainika na kuvuja. Chuma kilichogeuka buluu kimepoteza ugumu, kitupwe hata kama bado kinazunguka vizuri.

Baada ya kilomita 50 za kwanza simama, upime joto la habu zote. Inayozidi wenzake waziwazi ifunguliwe palepale, kabla ya kushuka mlima.

Fundi wa ekseli,
Morogoro