YAH: IMEJI YENU YA LINUX INAZUIA BODI KUWAKA BAADA YA KUSASISHWA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Imeji (faili lenye mfumo mzima wa Linux) mnayoitoa kwa kompyuta zenu za bodi moja inawaka vizuri hadi amri ya kusasisha, apt upgrade, ilete kerneli mpya, yaani kiini kipya cha mfumo. Bodi ikizimwa na kuwashwa tena, skrini ni nyeusi. Kwenye kebo ya seriali, kasi 115200, ndipo kosa linaonekana: "Initramfs unpacking failed", kisha kernel panic, yaani kerneli inakwama kabisa.

Chanzo ni patisheni ya /boot, sehemu ya kadi inayohifadhi faili za kuwashia, mliyoipa MB 100 tu. Kerneli ni MB 32 na initrd (faili la muda ambalo kerneli hulifungua inapowaka, pia huitwa initramfs) MB 24, jumla 56. Za toleo jipya zikija, kerneli inaingia na kubakiza MB 12, kwa hiyo initrd inakatika katikati. Hapo hati yenu ya usakinishaji ingepaswa kusimama. Badala yake inaendelea kubadili extlinux.conf, faili linalotaja kerneli na initrd za kuwashia, ielekeze kwenye initrd hiyo mbovu, na apt inamaliza bila kulalamika.

Wahudumu wenu wanajibu "flashi upya", yaani andika imeji upya kwenye kadi, jibu linalofuta data ya mteja bure, maana kerneli ya zamani bado iko palepale. Inatosha kuchomeka kadi ya SD kwenye kompyuta nyingine, kurudisha majina ya zamani katika extlinux.conf na kufuta initrd iliyokatika. Ni kazi ya dakika tano.

La pili ni la usalama. Funguo za SSH (zinazoitambulisha bodi kwa anayeingia kutoka mbali) na /etc/machine-id (namba ya utambulisho wa bodi) zimo ndani ya imeji yenyewe. Endesheni ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub kwenye bodi mbili mpya: alama ni ileile. Aliye na bodi moja anaweza kujifanya nyingine yoyote. Tena, kwa kuwa machine-id ni ileile, bodi mbili kwenye mtandao mmoja hugombania anwani moja ya DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao.

Halafu heshi ya SHA-256 (alama ya kuhakiki faili) mliyoichapisha ni ya faili la .img, ilhali linalopakuliwa ni .img.xz, lililobanwa. Kamwe hazitalingana.

Tunaomba imeji mpya yenye /boot ya MB 512, hati inayolinganisha nakala na faili asili kwa amri ya cmp kabla ya kugusa extlinux.conf, na funguo zinazozaliwa bodi inapowaka mara ya kwanza. Kwa bodi zilizokwisha kuuzwa, wekeni tangazo kwenye ukurasa wa kupakulia: mteja aangalie nafasi iliyobaki kwa amri ya df -h /boot kabla ya kusasisha, na abadilishe funguo za SSH leo.

Tunasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Wasimamizi wa Mifumo