Barua chini ya mche wa sabuni

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ukiisoma hii utakuwa bwenini Arusha, unapekua tranka kutafuta sabuni. Jana Mbuyuni tulipokuwa tunanunua ndoo nilitaka kukuambia kwa mdomo. Nikaishia kukuuliza saizi ya ndala.

Unamkumbuka yule mgeni wa baba yako? Ulikuwa na miaka sita, hukutaka kumsogelea. Nikakusukuma mgongoni: "Mwamkie mtu mzima vizuri!" Akakupakata, umekakamaa kama ubao. Hakukufanya lolote, ila mimi nilikufundisha vibaya. Shikamoo inaishia mdomoni. Haimpi mtu mwili wako, awe mwalimu, mchungaji, kaka wa kidato cha sita au mjomba wako wa damu.

Mimi nilikuwa na miaka 11. Mwenye duka alikuwa ananiongezea pipi kwenye chenji, baadaye ikawa "hii ni siri yetu", baadaye ikawa stoo. Nikanyamaza miaka mingi kwa sababu pipi nilizila, nikaona kosa ni langu. Akili ya mtoto hiyo.

Usidhani haya ni ya wasichana tu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu mvulana mmoja kati ya saba amefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Hesabu vitanda vya bweni lenu.

Likikupata, hata kama mwili uliganda ukashindwa kupiga kelele, usioge, usifue. Nguo zifunge kwenye karatasi, si nailoni. Hospitali ufike mapema, isipite saa 72, maana dawa ya kukinga VVU haingoji. Fomu ya PF3, ile ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa polisi. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Ukimwambia mtu akakupuuza, mwambie mwingine.

Na ukichelewa miaka, bado sema. Mimi nilimwambia bibi yako nikiwa na mimba yako. Alikuwa anachagua mchele. Akaweka ungo chini, akanyamaza, kisha akasema, "Nilikuwa wapi mimi?" Hakuuliza nilifuata nini dukani. Usiku ule nililala mpaka asubuhi, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Namba yangu na ya mama mkubwa nimeziandika kwa maka peni ndani ya kifuniko cha tranka. Mwombe patroni simu. Huna haja ya kumwambia ni ya nini.

Mama yako