Dole la nauli si dole la kukubali

Mhariri,

Miaka tisa nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia, lakini ile ripoti ya juzi ya kampuni kukabidhi matangi ya maji huku Marsabit imenikaa kooni. Mliandika eti mradi ulianza baada ya jamii kushirikishwa kikamilifu. Mliuliza nani? Mimi nafanya kazi ya ustawi wa jamii na Warendille, Wasamburu na Waturkana wa huku, na hizo karatasi za kushirikishwa zingine nilizibeba mwenyewe.

Nitaeleza moja tu. Kampuni fulani ilinichukua miezi minne niwe mkalimani wa mabaraza yao. Siku hiyo watu walikaa chini ya mgunga toka saa mbili asubuhi, gari likafika saa saba, mgeni akaongea dakika ishirini kwa Kiingereza mimi natafsiri, wakachukua maswali matatu, halafu soda zikashushwa na rejista ikaanza kuzunguka, uandike jina ama ubonyeze dole gumba ndio upewe nauli mia tano. Kuna mama mmoja mzee ana kovu limepasua dole gumba lake katikati, kabla ya kubonyeza akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya nini?" Nikamwambia ni ya nauli, mama, maana hata mimi ndivyo nilivyoambiwa. Akabonyeza, akapangusa wino kwa shuka yake, akaenda zake. Mwaka uliofuata nikapata ripoti yao, kitabu kinene, nikafungua kurasa za mwisho nikakuta rejista ni ile ile lakini juu wameweka kichwa kipya, orodha ya wanajamii walioridhia. Na dole la yule mama liko pale, ule mstari mweupe umekata wino katikati. Nilipouliza ofisini nikajibiwa jamii ilipewa nafasi ya kupinga na haikupinga. Wapinge nini na walijua wanasaini nauli! Huyo mama aliniamini mimi, si kampuni, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Na si eti sheria hakuna. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji hauna nguvu mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii waupitishe kwenye mkutano ulioitwa kwa kazi hiyo. Oktoba 2021 mahakama huko Meru ilisema hati za ekari 150,000 za ule mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana zilitolewa bila kufuata utaratibu, lakini wakati huo mitambo 365 ilikuwa ishasimama inazunguka. Hukumu inakuja watu washahamishwa malisho.

Nyinyi magazeti pia mna lenu. Matangazo ya kuita maoni kuhusu mazingira yanachapishwa kwenu, Kiingereza kigumu, herufi za kusomea miwani, na huku gazeti linafika na basi siku ya pili, na mwenye kuchunga ngamia hata akilipata atalifanyia nini? Siku zinahesabiwa zikiisha inaandikwa hakuna aliyelalamika.

Mimi naomba rejista ziwe mbili. Ya buluu ya nauli, na nauli itolewe kabla mtu hajafungua mdomo. Ya pili nyekundu, ya ridhaa, iletwe siku kumi na nne baadaye, kila ukurasa usomwe kwa sauti kwa Kirendille ama lugha yoyote ya pale, na msomaji achaguliwe na jamii yenyewe, halafu nakala ibaki na chama cha akina mama, si kwa chifu. Bila ile nyekundu trekta lisishuke kwa lori.

Na mkiletewa ripoti ingine msikubali picha ya tangi peke yake, ombeni mwone kurasa za nyuma. Yule mama bado yuko, nitawapeleka kwake mumuulize alibonyezea nini.

Mfanyakazi wa ustawi wa jamii,
Laisamis