Maneno ya hospitali si Kiingereza, tusiyafundishe kama Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Husemwa sana, barazani na hata vikaoni, kwamba vijana wanaoingia vyuo vya afya hapa Unguja na Pemba wanashindwa na istilahi za tiba kwa sababu Kiingereza chao ni kibovu. Dawa inayotajwa ni hiyo hiyo kila mara: waongezewe Kiingereza. Sisi tunaolisomesha somo hili tunaona ugonjwa umepimwa vibaya. Hepatosplenomegaly si Kiingereza. Kijana wa London akilikuta neno hilo mara ya kwanza hukodoa macho sawasawa na mwenzake wa Micheweni. Ni Kigiriki kilichoungwa vipande, na mwenye kuvijua vipande hulisoma bila ya kamusi: hepat ni ini, splen ni bandama, megaly ni ukubwa uliopita kiasi. Ini na bandama vimevimba, basi.

Mtindo uliozoeleka lakini ni kumgaia mwanafunzi kurasa na kurasa za maneno mazima, tafsiri pembeni, ayahifadhi kwa ajili ya mtihani. Mtihani ukipita, yameshatoka. Tunaomba nafasi tueleze njia nyengine, pamoja na mitego yake, maana nayo ina mitego.

Neno la tiba lina sehemu za aina nne tu: shina, kiambishi cha mwanzo, kiambishi cha mwisho, na irabu ya kuungia ambayo karibu siku zote ni o. Kwa Mswahili hili si jambo geni. Anayejua kutoa pikia, pikisha na mpishi katika pika moja ameshafanya kazi hii tangu utotoni. Geni ni utaratibu wa kusoma: unaanza nyuma, unarudi mwanzo, unamalizia kati. Chukua pericarditis. Mwisho ni -itis, uvimbe wenye moto na maumivu. Mwanzo ni peri-, kuzunguka. Kati ni card, moyo. Kwa hiyo ni uvimbe wa utando unaouzunguka moyo. Anayeanza mbele huishia na "kuzunguka moyo" na hajui moyo umefanywa nini.

Irabu o ina kanuni yake, na ndiyo inayowapotezea wengi alama za tahajia. Kati ya mashina mawili hubaki, hata kama shina la pili linaanza na irabu: gastroenteritis. Kabla ya kiambishi cha mwisho kinachoanza na irabu huanguka: gastritis, si gastroitis. Kiambishi kikianza na konsonanti, inabaki: gastroscopy.

Sasa mwalimu aanzie wapi? Aanzie na maradhi ambayo mwanafunzi anayajua kwa jina la nyumbani. Visiwani petu hakuna mfano bora kuliko kichocho. Mnyoo wake ni Schistosoma haematobium. Schisto ni kilichopasuka na soma ni mwili, jina lililotokana na dume, ambaye ana mfereji kwa urefu wa mwili, na jike hulala humo. Haemat ni damu, bio ni uhai, na kweli makaazi ya mnyoo huyu ni vena zilizozunguka kibofu. Mtoto aliyeambukizwa hukojoa kwa taabu: dysuria, kwa kuwa dys- ni ugumu na -uria ni habari ya mkojo. Halafu damu katika mkojo, haematuria. Mayai yenye mwiba nchani yakikwama kwenye ukuta wa kibofu huleta cystitis, cyst ikiwa ni mfuko, na hapa ni kibofu. Ukuta ukishupaa na kuwa na makovu mkojo hauteremki vyema, mrija unaotoka kwenye figo unatanuka: hydroureter. Shinikizo likipanda hadi kwenye figo lenyewe, ni hydronephrosis: hydro maji, nephr figo, -osis hali. Maneno matano, vipande tisa, na mwanafunzi ameuona ugonjwa mzima ukipanda kutoka chini kwenda juu. Akitoka hapo hahitaji kufundishwa nephritis, polyuria wala anuria. Anavunja mwenyewe akijua tu kwamba poly- ni nyingi na an- ni kukosekana.

Vipande hivyo hivyo vinampeleka kwenye matende na busha. Hydrocele ni hydro na cele, uvimbe: uvimbe wa maji. Lymphoedema ni uvimbe wa limfu. Chyluria ni ule mkojo mweupe kama maziwa. Lakini akifika kwenye jina la mnyoo, Wuchereria bancrofti, aache kisu. Hayo ni majina ya watu, Otto Wucherer na Joseph Bancroft, wala hayavunjiki. Vivyo hivyo bilharzia, iliyotokana na Theodor Bilharz aliyemgundua mnyoo wa kichocho Cairo mwaka 1851. Mwanafunzi aambiwe mapema kwamba yako maneno yenye jina la mtu ndani yake, asije akapoteza usiku mzima akitafuta maana ya "bilhar".

Tuje kwenye mitego. Mkubwa ni hypo- na hyper-, pungufu na zidifu. Kwa matamshi yetu, ya kwanza ni haipo, na hapo bahati imetusaidia: sukari haipo ya kutosha, hypoglycaemia. Ya pili hutoka haipa, na bahati inageuka, kwani wapo wanaoisikia kama haipai wakaielewa kinyume chake. Darasani hilo ni kichekesho. Wodini, muuguzi wa zamu akipokea ripoti kwa simu, mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka anaweza kuandikiwa insulini, na insulini hiyo ikamuua. Ndiyo maana tunawasisitizia wanafunzi wasikate neno likabaki "haipo" au "haipa" wanapokabidhiana wagonjwa. Waseme presha ya kushuka au presha ya kupanda, sukari imeshuka au imepanda, kisha wataje namba yenyewe: 180 kwa 110, au milimoli 2.5 kwa lita. Namba haina kiambishi cha kuchanganya.

Pacha wa mtego huo ni hypokalaemia na hypocalcaemia. Kwa sikio ni kitu kimoja. Kal ni potasiamu, kutoka kalium, neno ambalo asili yake ni Kiarabu, qali, majivu ya mimea. Calc ni kalsiamu, kutoka Kilatini calx, chokaa, ile ile iliyojengea Mji Mkongwe. Mwanafunzi akishajua kwamba moja ni majivu na moja ni chokaa hachanganyi tena, na anaelewa kwa nini alama ya potasiamu katika kemia ni K.

-itis nayo hufasiriwa "maambukizi", na kosa hili limeenea kupita kiasi. Mara nyingi kuna vijidudu kweli, lakini kiambishi hakisemi hivyo. Kinasema uvimbe wenye moto. Gastritis inaweza kuletwa na dawa za maumivu kama diklofenaki, na kuna arthritis zisizo na kijidudu hata kimoja. Anayekariri -itis kuwa ni maambukizi huona antibayotiki kila anapolikuta neno hilo. -oma nayo hufasiriwa "saratani". Lipoma ni uvimbe wa mafuta usio na madhara, haematoma ni damu iliyojikusanya, na trachoma wala si uvimbe wa aina hiyo, ni ukwaru wa ndani ya kope. Upande wa pili lymphoma ni saratani, ingawa jina limekaa kipole. Kipande kinakupa mlango. Chumba kina nini, sharti uingie.

Kwa upasuaji, herufi chache hubadilisha maisha ya mtu. -tomy ni kukata. -ectomy ni kukata na kuondoa, ec ikiwa ni nje. -stomy ni kufungua mdomo, kwa sababu stoma kwa Kigiriki ni mdomo. Colotomy: utumbo mpana umefunguliwa, pengine ukashonwa tena. Colectomy: utumbo au sehemu yake imeondolewa. Colostomy: utumbo umetolewa kwenye ngozi ya tumbo na mgonjwa anarudi nyumbani na mfuko wa choo. Familia inayomsubiri nje ya chumba cha upasuaji inahitaji kuelezwa lipi kati ya hayo matatu, na mwandiko wa daktari ukiwa mbaya ni lazima kuuliza, si kubahatisha. Pia kuna ukoo wa rr: -rrhagia damu kububujika, -rrhoea kutiririka, -rrhaphy kushona, -rrhexis kupasuka. Hawa wafundishwe siku moja wakiwa wamepangwa pamoja, la sivyo watachanganyika daima.

Wanafunzi huuliza, na wana haki, kwa nini figo liwe na majina mawili: renal pahala pamoja, nephr pahala pengine. Kwa jumla, sehemu za mwili zina majina ya Kilatini na maradhi yana majina ya Kigiriki. Waliotangulia kuyaandika maradhi ni matabibu Wagiriki, na baadaye waliopasua maiti na kuchora viungo, kama Andreas Vesalius aliyechapisha kazi yake mwaka 1543, waliandika Kilatini. Ndiyo ukapata pulmo na pneumon kwa pafu, cutis na derma kwa ngozi, uterus na hystera kwa mji wa mimba, lingua na glossa kwa ulimi. Mfundishe jozi, usimfundishe moja moja.

Katikati ya hao wawili wapo Waarabu, na hili lisipitwe kimya katika nchi ambayo kila mtoto amekaa chuoni. Hunayn ibn Ishaq alizifasiri kazi za Galen, tabibu wa Kigiriki, kule Baghdad katika karne ya 9, na karne kadhaa baadaye maandishi ya Kiarabu yakafasiriwa tena kwa Kilatini. Utando mgumu wa ubongo unaitwa dura mater, mama mgumu. Mgiriki hakuuita mama. Ni Waarabu waliosema umm, na mfasiri wa Kilatini akahamisha neno kwa neno.

Tahajia ina tabu ya peke yake, kwa kuwa sisi huandika kama tunavyosikia. Anayesikia "nyumonia" anaitafuta kwenye N, wakati imo kwenye P. Saikosisi imo kwenye P pia. Ukavu wa macho kwa upungufu wa vitamini A uko kwenye X, xerophthalmia: xer ukavu, ophthalm jicho. Ch ya Kigiriki hutamkwa k, kwa hiyo chole, nyongo, ni "kole". Aidha vitabu vyetu vingi vinafuata Uingereza na intaneti imejaa Marekani. Oedema kwa Mmarekani ni edema, na haem- yake ni hem-. Aliyekosa neno kwenye faharasa ajaribu herufi nyengine kabla hajasema halimo. Tahajia ya Uingereza ndefu lakini ina faida: paed- ni mtoto na ped- ni mguu, na Mmarekani ameziandika sawa zote mbili.

Kwa utekelezaji, hatuhitaji maabara ya lugha wala fedha za wafadhili. Boksi la karatasi ngumu likikatwa vipande vya sentimita 6 kwa 9 linatosha darasa. Rangi tatu za kalamu: moja ya mashina, moja ya mwanzo, moja ya mwisho. Mbele kipande, nyuma maana kwa Kiswahili na neno moja la mfano. Vipande 5 kwa siku, si 30, na vya jana virudiwe kabla ya vipya. Viambishi vya mwisho 20, vya mwanzo 20 na mashina 40 hivi humfikisha mtu mbali sana. Kila neno jipya livunjwe kwa mkwaju daftarini, hepat/o/splen/o/megaly, lielezwe kwa Kiswahili, ndipo lithibitishwe kwenye kamusi ya tiba. Kuthibitisha kusiachwe, kwa sababu baadhi ya maneno yanadanganya. Anaemia kwa vipande vyake ni "hakuna damu", na kumbe damu ipo, iliyopungua ni hemoglobini.

Mtihani nao ubadilike, maana mwanafunzi husoma kinachotahiniwa. Maswali ya "taja maana" ya maneno yaliyokwisha sambazwa hupima kumbukumbu tu. Atolewe neno ambalo halijawahi kuandikwa ubaoni, tuseme cholecystectomy. Alama ya kwanza ni ya kulivunja mahali panapostahiki, tatu za chole, cyst na ectomy, na ya mwisho apewe akiandika sentensi ambayo angemwambia mgonjwa mwenyewe pale Mkoani: "Bibi, mfuko wako wa nyongo utaondolewa kwa upasuaji."

Wakufunzi wa afya,
Mbweni, Unguja