Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: tupeni majibu ya udongo

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu kutoka bonde la Kilombero. Wataalamu wako walipita majarubani kwetu, wakachota udongo, wakaufunga kwenye mifuko ya nailoni na kuuandikia namba. Walituahidi majibu kabla ya kupanda. Tumepanda, tumevuna, tumepanda tena. Majibu hayajaja.

Nilivumilia mpaka kikao cha juzi pale ofisi ya kata. Tulipoeleza kwamba mpunga unalala na masuke yamejaa mapepe, punje zisizo na kitu ndani, afisa wako alisimama akasema tuongeze urea, kisha akatuambia wakulima wa huku hatufuati ushauri. Mbele ya wazee waliolima bonde hili kabla yeye hajazaliwa! Iliniuma sana.

Ushauri upi, Ndugu Mkurugenzi? Tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/2023 tumejiandikisha, tumepewa namba, tumenunua DAP ya kupandia na urea ya kukuzia kama tulivyofundishwa. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na 23 za fosfeti. Wa urea una kilo 23 za naitrojeni, basi. Potasiamu, kirutubisho kingine, humo hamna hata chembe. Na mpunga unaihitaji kwa wingi. Zaidi ya robo tatu ya ile unayoivuta ardhini hukaa kwenye majani na mabua, siyo kwenye punje. Mabua yenyewe hayarudi shambani. Mengine wanabeba wafugaji, mengine tunayachoma kwenye lundo pale tulipopigia mpunga.

Njoo uone jaruba langu. Pale lilipochomwa lundo, mpunga umesimama, una kijani hadi chini. Hatua chache pembeni majani ya chini yamekauka kuanzia nchani, kingo zina rangi ya kutu, na shina ukilibana kwa vidole linabonyea. Mbegu ni ileile Saro, ilipandikizwa siku moja, maji ni ya mfereji mmoja. Mimi nahisi ni upungufu wa potasiamu. Huenda kuna na jingine, labda zinki, ndiyo maana nataka kipimo. Lakini kuuongezea urea mpunga wenye shina laini ni kuulaza kabisa.

Kule India, kwenye tambarare za mto Ganges, wanalima mpunga na ngano kwa zamu katika shamba lilelile kila mwaka. Watafiti wao wameonya muda mrefu kwamba ukivuna mara mbili, ukaondoa mabua na usirudishe potasiamu, akiba ya udongo inapungua mwaka hadi mwaka. Sisi wa skimu ya umwagiliaji nasi tunavuna mara mbili. Nani anatupimia?

Msimu uliopita nilikodi shamba, nilikopa kikoba, na magunia yaliyotoka hayakufika deni. Mwanangu yuko nyumbani, michango ya shule sina.

Siombi trekta. Siombi hata ule mfereji mlioahidi. Naomba majibu ya udongo. Kama yamepotea, tuambieni, waje wachote tena nasi tukiwepo. Kama yako kabatini, yabandikeni kwenye ubao wa kata kabla hatujamwaga mbegu kitaluni msimu ujao. Majibu ya udongo wetu, Ndugu Mkurugenzi, na mtuletee dukani mbolea itakayolingana nayo.

Wako,
Mkulima wa mpunga, bonde la Kilombero