Wanyama wapo, tatizo ni saa tunazoendea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda. Hapa Tanga siku hizi tripu za wikiendi zimekuwa nyingi, kila grupu la WhatsApp lina tangazo lake, mara hifadhi ya Saadani kwenda na kurudi, mara msitu wa Amani, mara kisiwa cha Maziwe, msosi na mpiga picha ndani ya bei, na mi nafurahi kwa sababu zamani ukisema unaenda kuangalia wanyama watu wanadhani umepata mgeni kutoka Ulaya. Ila wakirudi stori ni ile ile, hatujaona kitu, hela imepotea, tumeona ngiri wawili na nyani. Alafu lawama zote zinaenda hifadhini, eti wanyama wamekwisha. Hawajaisha jamani, nyie ndo mnafika wakati wenzenu wameshajilaza kivulini.

Nitoe mfano wa safari moja ya Saadani niliyopanda na watu wa mtaani, muandaaji simtaji. Tangazo lilisema kuondoka saa kumi alfajiri. Mpaka jua linatoka Kosta bado imepaki, kuna dada anasubiriwa anamaliziwa kusukwa, kuna makreti ya soda hayajapakiwa, dereva mwenyewe kaenda kunywa chai. Tumekuja kutoka saa tatu. Sasa piga hesabu, mpaka uvuke Pangani, upite Mkwaja, ulipe getini, jua liko utosini, na ukanda huu wa pwani wote tunalijua joto lake saa saba mchana, hata mbuzi wa mjini anatafuta ukuta wa kuegemea, sembuse kongoni. Kuro, nyati, twiga, wote wameingia vichakani. Na palahala ndo usahau kabisa, yule hata asubuhi ukimpata ujue una bahati. Juu ya hapo kuna spika kubwa dirishani inapiga singeli kuanzia getini mpaka mwisho wa safari. Muongozaji kawaomba wazime, wakapunguza, baada ya dakika tano sauti imerudi pale pale. Na tisheti za grupu zilikuwa za bluu, ambayo ndo rangi inayowavuta ndorobo, wale inzi wanaouma, kuliko zote, hiyo na nyeusi, kwa hiyo wanyama hatukuwaona ila ndorobo walituona vizuri sana.

Saadani sio sehemu ya kuchezea hivyo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 1,100, na pale pori linashuka mpaka kwenye mchanga wa bahari, yani tembo na kasa wote wana makazi ndani ya hifadhi moja. Kuna mto Wami unaoingilia baharini upande wa kusini, ukipanda boti asubuhi unakuta viboko wamejaa na mamba wameanikwa kingoni, na kwa anayependa ndege mto ule peke yake unatosha, furukombe juu ya mti mkavu analia sauti yake ile ya kukata, mdiria anasimama hewani anapiga mabawa hapo hapo kama kafungwa na kamba, mara anajitupa majini anatoka na kidagaa. Lakini hayo yanataka boti iende taratibu na watu wanyamaze. Ukiingia na kelele furukombe anahama mti, mamba wanateleza majini mmoja mmoja, unabaki kupiga picha mikoko.

Maziwe ndo inaniuma zaidi. Kile kisiwa, mbele ya Pangani pale, ni eneo la hifadhi ya bahari tangu 1975, wazee wanakumbuka kilikuwa na mivinje na kasa walikuwa wanapanda kutaga kwa wingi. Miti imekwisha, sasa hivi ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa, ndo maana mayai ya kasa yanayotagwa pale yanahamishiwa bara, upande wa Ushongo, yasilowe. Sasa mtu anapangaje safari ya Maziwe bila kuuliza maji? Mvuvi yeyote wa Pangani atakwambia, siku za bamvua, yani maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida, yanakupwa karibu saa nne asubuhi na yanajaa karibu saa kumi jioni. Ukitoka Tanga saa nne umekwisha, utafika fungu linaanza kumezwa, mtakaa pale na mapoti ya pilau huku nahodha anawahimiza mpande boti. Nimeona watu wanagombana na nahodha kwa hilo, kana kwamba bahari ni ya kwake. Na kile kipande cha mchanga kilichobaki ndo wanachopumzikia membe, ila vijana wetu wakishuka tu kitu cha kwanza ni kuwakimbilia ili waruke wote kwa pamoja, video ya TikTok ipendeze. Ndege kachoka, hana pengine pa kutua, unamrusha kwa ajili ya sekunde kumi na tano.

Hata bila kwenda mbali maji ndo saa yako. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa nne hivi huku pwani tunapokea ndege wageni kutoka Ulaya na Asia, sululu na chekeamwezi, wamekimbia baridi kwao. Maji yakikupwa wanatawanyika mbali kwenye tope wanatafuta vikaa na minyoo, utaona vidoti tu. Subiri maji yaanze kupanda, yanawasukuma taratibu mpaka wanarundikana karibu na ufukwe, ukikaa chini kwa utulivu watakuja mpaka unahesabu vidole. Hiyo haina kiingilio wala Kosta, ni kukaa tu pembeni ya mikoko na darubini ya kuazima. Na mabaki ya chakula tubebe, maana ukiacha pilau ufukweni unawakaribisha wale kunguru wa India ambao mji mzima umewachoka, na kazi yao nyingine ni kula mayai na makinda ya ndege wengine.

Amani nayo ni hadithi hiyo hiyo ila kwa msitu. Watu wanapanda kupitia Muheza na Sigi, wanapiga picha kwenye maporomoko na mashamba ya chai, wanashuka. Sio vibaya, pazuri. Lakini Wajerumani walifungua kituo cha utafiti pale tangu 1902, na Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani, kuna ndege wa kule amepewa jina lake na wanasayansi, kandege kadogo ka kijivu, mdomo mrefu, kanapenda mimea inayotambaa pembezoni mwa msitu. Duniani kanapatikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji basi. Watu wanatoka mabara mengine, ndege, basi, bodaboda, kuja kukatafuta siku nzima, sisi wa Muheza na Tanga hata habari zake hatuna. Msituni ndege wanatembea kwa makundi ya mchanganyiko, unaweza kaa robo saa kimya unadhani msitu mtupu, mara mti mzima unatikisika, chozi hapa, mwingine kule, alafu hondohondo anapita juu unasikia mabawa kabla hujamuona, vuu, vuu, vuu. Na spika ikiwa inalia? Utasikia singeli.

Kiingilio cha Mtanzania kinalipwa kwa shilingi na hakifanani hata kidogo na wanacholipa wageni, kwa hiyo hoja ya bei mi naona sio kubwa sana, kubwa ni usafiri na ndo maana hizi tripu za pamoja nazitetea. Sitaki zife. Nataka waandaaji wabadilishe mambo mawili matatu. Safari ya siku moja ya Saadani kutoka Tanga mjini ni ya kujidanganya, bora mlale Pangani au Saadani kijijini mwingie asubuhi sana. Maziwe tangazo liandikwe siku na maji, sio siku tu. Na wanaokaa getini, Saadani na Amani, spika zibaki getini kama zinavyobaki silaha, wakaguliwe kabisa, wataokereka wakereke. Shule nazo, badala ya kuwaswaga watoto wote kwenye basi moja hadi usiku, wapeleke darasa moja moja wakae na muongozaji wa kijijini anayejua sauti za ndege, wapo vijana Amani wanaomtambua ndege kwa mlio tu bila kuinua kichwa.

Na kama kuna muandaaji anasoma hapa ambaye saa kumi alfajiri kwake ni saa kumi kweli, na spika anaiacha nyumbani, nauli yangu na ya wanangu iko tayari, na pilau wala sidai.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga